Mama Mkwe Kwenye Nyumba ya Vioo

Mama Kwandu wa Nyarubungo hajawahi kushindwa kesi, wala mnada, wala ng'ombe mkorofi. Nasema kwa uhakika, maana mimi ni jirani yake tangu nikiwa na nywele, na baadhi ya hizo kesi nilikuwa upande wa pili.

Alikuja huku Biharamulo akiwa bibi harusi, kutoka Shinyanga, nyuma ya ng'ombe wa mume wake Bulugu. Wakati huo hapa palikuwa pori, mbung'o wakubwa kama njugu. Wakafyeka, wakajenga, akazaliwa Yuster. Halafu Bulugu akafa na homa, na kaburi halijaota majani wakaja ndugu zake kuchukua ng'ombe, na mjane juu. Mama Kwandu akasimama kwenye mlango wa zizi na fimbo.

"Ng'ombe hawa wananijua mimi," akawaambia. "Nyie mkiwaita watakuja?"

Wakaita. Hakuna aliyegeuza hata sikio. Wakarudi kwao na vumbi lao.

Basi ndiyo mama huyo. Watu wanaokuja kumlimia anawapikia mwenyewe, na wanakula mpaka wanalegea. Yeye humwoni na sahani. Wote wakishashiba ndiyo utamkuta nyuma ya nyumba, amesimama, sufuria mkononi, anakwangua ukoko. Nimemwona hivyo miaka yote. Nikadhani ni uchoyo wa ukoko, maana na mimi naupenda.

Sasa huyu Yuster alikwenda Ngara kujifunza cherehani, akarudi na furushi la vitambaa na jina la mwanaume: Ansbert, Mhangaza wa Bugarama. Mimi nikachaguliwa mshenga. Kazi ya mshenga ni kusema mambo mazuri na kukaa karibu na mlango. Nikasema kijana ana adabu, ana afya, hanywi sana.

"Anafanya kazi gani?" akauliza mama Kwandu.

"Mpishi, mayu." Mayu ndiyo mama kwa Kisukuma, na siku ile nililitumia neno hilo mpaka likachakaa.

"Mpishi wa nini?"

"Wa chakula."

Akamwangalia mwanawe, akaniangalia mimi. "Yeye akipika, huyu mwanangu atakuwa anafanya nini? Atapiga mluzi?"

Ng'ombe wa mahari walipofika aliwapokea, maana walikuwa wazuri, na yeye ng'ombe hawezi kumkosea adabu. Ila mkwe hakumpokea.

Hapa nieleze kidogo. Kwetu mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawatazamani. Wakikutana njiani mmoja anaingia kwenye mihogo. Hawali mmoja mbele ya mwenzake. Kwao Wahangaza ni hivyo hivyo, kwa hiyo hatukuwa na cha kufundishana. Hiyo haya ina mwisho wake: mkwe anatoa kitu cha kuiondoa, mara nyingi mbuzi, mama akimpokea ndiyo wanaanza kusalimiana kama watu.

Ansbert akamtuma mbuzi, nikampeleka mimi. Mama Kwandu akasema zizi limejaa. Nikamrudisha. Mwaka uliofuata nikampeleka tena, akasema mbuzi amekonda. Akanenepeshwa. Nikampeleka, akasema amenenepa sana, atakuwa mgonjwa. Yule mbuzi alizoea ile njia mpaka akawa anatangulia yeye, mimi nafuata.

Na sababu niliijua. Haya ikiwepo, hakuna anayetegemea umzungumzie mkwe wako. Watu wakimuuliza, anasema tu, "Yuko huko hifadhini." Jirani yetu Kazimili, ambaye ng'ombe wake wanasumbuliwa na fisi, akajitungia mwenyewe kwamba mkwe ni askari wa wanyamapori.

"Mwambie aje na bunduki yake, mama Kwandu," anamwomba kila wakikutana. "Ndama wangu wanaisha."

"Nitamwambia," anajibu yeye, anapita.

Kumbe mwenzetu Ansbert kazi yake ilikuwa inapanda. Alianza kuosha masufuria kwenye hosteli moja pale Ngara mjini, akapelekwa Arusha kusomea upishi, halafu akachukuliwa na nyumba moja ya mapumziko kwenye ufukwe wa ziwa Burigi, nje kidogo ya mpaka wa hifadhi. Pale hakuna kijiji, hakuna duka, simu inashika ukipanda juu ya jiwe. Wageni wanatoka nchi za mbali, wanashukia kiwanja cha ndege cha Chato, wanaletwa huko porini, wanalipa hela nyingi ili wasisikie kitu. Mimi kwangu nisiposikia kitu najua kuku wameibiwa.

Kila mwaka kabla ya msimu wa wageni, ile nyumba inafanya majaribio. Mfanyakazi mmoja mmoja anamleta mtu wake, huyo mtu anakaa siku mbili anahudumiwa kama mgeni mwenyewe, ili wafanyakazi wajinoe. Ikafika zamu ya Ansbert. Akaandikisha jina la mama mkwe.

Yuster akaja na habari.

"Kwa mkwe? Nikalale kwa mkwe?" mama Kwandu akaruka. "Wewe mtoto umelogwa?"

"Siyo kwake, mama. Kwa tajiri wake."

"Na yeye atakuwa wapi?"

"Jikoni. Na nyumba ya tajiri, mama, jiko litakuwa nyuma kabisa huko. Moshi utamfikiaje mgeni? Humwoni hata kivuli."

Mama Kwandu akanigeukia. Nikasema kweli, nyumba kubwa namna hiyo, jiko litakuwa mwendo. Mimi nyumba zote ninazozijua jiko liko nyuma ya ua, karibu na kuku, na nilidhani ukitajirika jiko linazidi kusogea.

Akafikiri. Nadhani ile sifa ya kualikwa na tajiri ilimtekenya. "Nitakwenda. Ila mshenga anakwenda na mimi."

Ndivyo nilivyokwenda mapumzikoni, kama kifuniko kinavyokwenda na sufuria.

Gari lilikuja kutuchukua. Mama Kwandu akapanda na jogoo chini ya kwapa na furushi la michembe, vile viazi vyetu vya kukausha, maana haendi ugenini mikono mitupu. Tukapita Biharamulo mjini, tukaacha lami, tukaingia pori. Nyani wakatusimamia barabarani kama wanataka leseni. Halafu gari likateremka, na ziwa hilo hapo, pana, mafunjo ukingoni, viboko wametoa masikio tu. Hakuna mtumbwi, hakuna mtu.

Ndipo tukaiona nyumba. Ukuta haina. Ni vioo, kuanzia sakafuni hadi kwenye paa, mbele, nyuma, pembeni. Ndani ni chumba kimoja kikubwa kama kanisa, makochi meupe, na katikati ya hicho chumba, siyo nyuma, siyo uani, katikati kabisa, ni jiko. Na kwenye jiko amesimama Ansbert, nguo nyeupe, kofia nyeupe, upawa mkononi, anatutazama macho kwa macho.

Mama Kwandu alijifunika khanga kichwa chote, akageuka, akaenda nyuma ya gari. Jogoo akapiga kelele. Ansbert naye akazama chini ya meza ya jiko kama mtu aliyesikia bomu.

Meneja wao, dada mmoja wa Muleba anaitwa Adventina, akatoka na trei ya juisi na vitaulo vya kujifutia uso. Akaangalia gari, akaangalia jikoni ambako kofia ilikuwa inaonekana ncha tu.

"Ni mkwe?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Ni mkwe."

"Yesu wangu." Akaweka trei chini. "Wageni nimepata wa kila namna. Wasiokula nyama, wasiokula ngano, wasiokula jua likishazama. Wa ukwe sijawahi."

Alikuwa mtu wa kwetu, hakuhitaji kuelezwa. Akaagiza mashuka, yakafungwa kamba kati ya jiko na makochi. Upepo wa ziwa ukaja, shuka moja likaenda kumvaa mlinzi. Wakajaribu kuhamisha viti, lakini ukikaa huku unamwona hivi, ukikaa kule unamwona kwenye kioo cha pili. Mwishowe kikawekwa kiti kimoja kinachotazama ziwa, mama Kwandu akakaa hapo, kalipa jiko mgongo, khanga kichwani, jogoo mapajani.

"Nipelekeni nyumbani," akasema.

"Gari limeshaondoka, mama," Adventina akamdanganya kwa adabu. "Litarudi keshokutwa."

Chumba chake cha kulala, kibanda cha pembeni, nilikiona. Kitanda kimetandikwa, na juu yake taulo limekunjwa likawa bata, shingo, mdomo, kila kitu. Mama Kwandu akasema hawezi kumfukuza bata kwenye kitanda chake. Akatandika khanga kwenye zulia.

Jioni kikaja chakula. Sheria ya nyumba ile, mpishi analeta sahani mwenyewe na kumweleza mgeni kilichopikwa. Sheria ya kwetu mmeshaisikia. Ansbert akazitii zote mbili. Akaja kinyumenyume, hatua kwa hatua, sahani kaishika nyuma ya mgongo kama mtu anaficha zawadi, mimi namwongoza: kushoto, kushoto, kuna kochi. Akafika, akasimama, uso jikoni.

"Mshenga, mwambie mama," akasema, "ni sato wa kuchomwa ndani ya jani la mgomba. Na mchuzi wa karanga."

"Mayu, ni sato."

"Nimesikia. Mwambie nimeshiba safari."

"Amesema—"

"Nimesikia," Ansbert akasema.

Sahani ikarudi. Ikaja nyingine, nyama laini mpaka inatikisika. Ikarudi. Mimi zangu nilikula, tena nilikula na zile zilizorudi kidogo, lakini kwa huzuni.

Nikamfuata Ansbert stoo. Alikuwa amekaa juu ya kreti, kofia magotini.

"Baba mdogo, hata kijiko?"

"Hata kijiko."

"Hata kunusa hakunusa?"

"Kunusa alinusa. Pua haina mlango."

Akacheka kidogo, halafu akaacha. "Mama yangu Melania alikufa nikiwa bado naosha masufuria. Hajawahi kula nilichopika mimi. Nimepikia watu wa kila nchi, wananipa mkono, wananipiga picha. Mama niliyebaki naye ni huyu mmoja. Nataka ale. Akishakula akasema kibaya, sawa."

Nikamshika bega, nikatoka.

Nilirudi nikamkuta mama Kwandu kwenye kiti chake, uso ziwani. Giza lilikuwa linaingia, taa zimewashwa ndani. Nilimuaga, hakugeuza kichwa. Adventina akaniuliza anafanya nini pale. Nikamwambia anatazama viboko.

Asubuhi aliniita mapema. Uwanja wa mbele ulikuwa umeshafagiliwa kwa tawi, na wafanyakazi walikuwa wanaulizana nani kafagia.

"Mshenga. Jana mkwe wako alikula nini?"

Mkwe wangu tena. "Sijui, mayu."

"Mimi najua. Alisonga ugali wa wafanyakazi. Yule samaki wangu akamgawanya. Mlinzi akampa kichwa, kwa sababu anakesha. Wale wasichana wa usafi akawapa minofu. Yule meneja akapewa na yeye, akakaa. Wote wamekaa."

"Umemwonaje, na ulimpa mgongo?"

"Nilimpa mgongo. Giza lilipoingia kioo kikaanza kunionyesha ya nyuma. Sikugeuka. Nimekosa nini?"

Hakukosa kitu. Nilijiona mjinga na viboko vyangu.

"Wote wamekaa," akaendelea, "yeye hajakaa. Walipomaliza akachukua sufuria, akasimama pale kwenye sinki, akakwangua ukoko. Akala huo." Akajifunga khanga vizuri, ingawa ilikuwa imefungwa vizuri. "Nikafikiri mpishi anakaa anaonja vinono, ananenepa. Kumbe anakula kama mimi."

Mama Kwandu kusema "kumbe" ni jambo ambalo halijawahi kutokea Nyarubungo.

"Yule mbuzi yuko wapi?" akauliza.

"Yuko kwa Yuster, mjini."

"Hapa hakuna mbuzi?"

"Hapa kuna viboko, mayu."

"Basi aniletee ukoko."

Nilikimbia. Kwa umri wangu, nilikimbia. Ansbert alikuwa anapanga matunda kwenye sahani kama mtu anayepamba altare.

"Anataka ukoko."

"Ukoko wa nini?"

"Wa ugali! Wa kuondoa haya! Mbuzi kafutwa!"

Akasimama na papai mkononi. Halafu akageuka kuangalia sinki: sufuria la jana lilikuwa limeshasuguliwa, linang'aa. Kwa mara ya kwanza maishani nilimwona mpishi anachukia usafi.

Ikabidi ugali upikwe upya, asubuhi ile, kwa ajili ya ukoko wake tu. Wa kwanza akaupika kwa ustadi wake wa Arusha, haukushika hata kidogo, ukateleza wote kama sabuni. Wa pili akaongeza moto, ukaungua, moshi ukajaa nyumba nzima ya vioo, kengele ya moto ikalia, ndege wote wa ziwani wakaruka.

"Watu wanakuja hapa kwa ndege," Adventina akasema, anapeperusha moshi kwa trei, "na sisi leo tunashindwa kuunguza ugali!"

"Mwambie apunguze moto, aache kuhangaika," sauti ikatoka kwenye kiti cha ziwani, bila kugeuka. "Aufunike. Asubiri."

Hakukuwa na haja ya mimi kupeleka ujumbe. Akapunguza moto, akafunika, akasubiri. Ule wa chini ukakaa wa rangi ya dhahabu, mwembamba, unaita. Wafanyakazi wote walikula ugali kwa chai ya asubuhi siku ile, na matunda yakaenda kwa jogoo.

Ansbert hakuweka kwenye sahani. Alichukua sufuria lenyewe, akavua kofia, akaja safari hii uso mbele. Kwenye kiti akachuchumaa, akalitoa kwa mikono miwili, macho chini.

"Shikamoo, mayu."

Mama Kwandu akageuka. Akashusha khanga mabegani. Akamtazama yule kijana, ambaye amemwoa binti yake miaka yote hiyo, kama mtu anayemwangalia ndama aliyezaliwa usiku.

"Marahaba, baba. Kumbe una kovu hapa kwenye nyusi."

"Ndiyo, mama. La utotoni."

Akabandua ukoko kwa vidole, ukavunjika kwa mlio. Akatafuna. Sisi wote tulikuwa tumesimama kando tunajifanya tunafuta vioo. Akabandua kipande kingine, akampa.

"Kaa chini," akamwambia. "Kaa kabisa. Leo tule tumekaa."

Wakakaa sakafuni pale, mbele ya ziwa, sufuria katikati, wakala mpaka likaisha. Ansbert alikuwa anatafuna na kulia, jambo ambalo ni gumu, jaribu uone. Mwisho mama Kwandu akajipangusa mikono.

"Wabeja," akasema, ndiyo asante ya Kisukuma. "Haya imeondoka. Na mbuzi aletwe, huyo ni wangu wa haki."

Mchana akala sato wawili. Akasema chumvi imekaa, ila mchuzi wa karanga ungesubiri kidogo. Ansbert akauandaa upya jioni, ukasubiri. Hata yule bata wa taulo alihamishwa kwa heshima, akawekwa dirishani, mama akalala kitandani. Tulipoondoka alitaka kujua kama mwakani majaribio yatakuwepo, na kama kiti chake kitaachwa pale pale.

Sasa Jumapili iliyofuata tuko mnadani, ng'ombe wanapiga kelele, Kazimili akaja mbio.

"Mama Kwandu! Fisi wamechukua mwingine! Huyo mkwe wako askari, lini anakuja na bunduki?"

Mama Kwandu akasimama. Akaangalia pande zote ahakikishe watu wa kutosha wanasikia, na walikuwa wengi.

"Hana bunduki. Ni mpishi."

"Mpishi?" Kazimili akacheka, akatafuta wa kucheka naye. "Mwanaume? Anapika?"

"Anapika. Watu wanapanda ndege kuja kula mkononi mwake. Na mimi nimekula, nimekaa kwenye kiti, ziwa liko mbele yangu." Akashika kiuno. "Haya, Kazimili. Wewe mkwe wako anafanya nini?"

Mkwe wa Kazimili sote tunamjua. Alikuwa amelala palepale chini ya lori, tangu asubuhi, chupa pembeni.

Kazimili akasema fisi wanamsubiri, akaondoka. Mama Kwandu akarudi kwenye bei ya ng'ombe wake, akaishinda kama kawaida. Tangu siku ile huwezi kukaa naye hata kidogo bila kusikia habari za sato na jani la mgomba. Ametuchosha kijiji kizima. Na mbuzi amefungwa mbele ya nyumba yake, siyo zizini, mbele kabisa, ili anayepita aulize ametoka wapi.